Fundi saa anaitazama High Noon

Kazi yangu ni saa. Natengeneza za mkononi, za ukutani, na zile kubwa za sebuleni zinazogonga. Kwa hiyo nikitazama filamu yoyote, jicho langu hukimbilia ukutani kabla ya kumwangalia stelingi. Mara nyingi naudhika. Mtu anakunywa chai ya asubuhi, saa nyuma yake inasema jioni. Wanabadilisha kamera, mshale umerudi nyuma nusu saa. Walioitengeneza walidhani hakuna atakayeangalia.

High Noon (yaani adhuhuri kamili) ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Fred Zinnemann, ndiyo filamu pekee ninayoijua ambayo saa ya ukutani ni mhusika kamili, na pengine ndiye mkali kuliko wote. Kwetu mshale mfupi ukisimama juu kabisa ni saa sita, basi nyumbani kwangu tunaiita Saa Sita. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote. Naiona ndiyo bora kati ya filamu zote za makaboi nilizowahi kuona, na sababu zangu hazihusiani sana na bastola.

Kisa chake ni chepesi. Ni Jumapili asubuhi katika mji mdogo wa Hadleyville, upande wa New Mexico, karne ya 19. Will Kane, mashali wa mji, yaani msimamizi wa sheria, anafunga ndoa mbele ya hakimu na kuvua nyota ya bati kifuani. Amemwahidi mkewe Amy kwamba kazi ya bunduki imekwisha, kwa sababu Amy ni wa dhehebu la Quaker na dini yake haimruhusu kumdhuru mtu kwa silaha. Pete haijapata joto kidoleni, mkuu wa stesheni anaingia na simu ya maandishi: Frank Miller, muuaji ambaye Kane alimpeleka jela miaka mitano iliyopita, amesamehewa. Anashuka na treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wameshafika stesheni wanamsubiri, na mji mzima unajua anakuja kumfuata nani.

Watu wanampandisha bwana harusi kwenye gari la farasi na kumhimiza akimbie. Anaondoka kweli. Halafu huko njiani anavuta hatamu, anasimama, anageuka. Sasa ni kitu kama saa nne na nusu na ushee. Muda uliobaki anautumia kuzunguka mjini akiomba watu wasimame naye.

Filamu ina dakika 85 tu, na wengi husema muda wa ndani yake unakwenda sawasawa na muda wa mtazamaji. Mimi niliipima, kwa sababu siwezi kuacha kupima. Haulingani sawasawa. Saa za mji zinakimbia kidogo mbele ya saa yangu ya mkononi, na mshale unafika juu wakati filamu bado ina kama robo saa hivi ya kwenda. Lakini tofauti hiyo imegawanywa kwa ustadi mkubwa, kidogo hapa kidogo pale, hivi kwamba mwili wako hauishtuki. Hakuna mahali ambapo saa inarudi nyuma kwa uzembe. Kila Kane akitoka mlango mmoja na kuingia mwingine, kuna saa mahali fulani, na ukiitazama unajua kukataliwa kule kulikopita kumemgharimu dakika ngapi.

Maana hicho ndicho filamu inachofanya: inamkatalia mtu huyu, mara kwa mara, na kila anayekataa ana sababu. Hakimu aliyewafungisha ndoa dakika chache zilizopita anafunga vitabu vya sheria, anashusha bendera ya Marekani ukutani, anaingiza ile mizani ya haki kwenye mkoba. Huku akifungasha anamkumbusha Kane kiti ambacho Miller alikalia siku ya hukumu akiapa kurudi, na kamera inakiangalia kile kiti kitupu kwa muda. Rafiki mwingine anajificha chumbani na kumtuma mkewe mlangoni aseme hayupo. Mashali mstaafu, aliyemfundisha Kane kazi, ana vidole vilivyokakamaa kwa baridi yabisi na moyo uliokata tamaa zaidi ya vidole. Msaidizi wake Harvey anataka cheo kwanza ndipo asaidie. Kuna mlevi mwenye jicho moja ambaye yuko tayari, na kuna mvulana wa miaka kumi na minne anayejiongezea umri ili achukuliwe. Hao wawili Kane anawarudisha kwa upole.

Lakini tukio ninalotaka kila mtu alione ni la kanisani. Kane anaingia katikati ya ibada. Mchungaji anaanza kwa kumkumbusha kwamba si mtu wa kuonekana sana kanisani na hata ndoa yake hakuifungia pale. Hata hivyo wanaume kadhaa wanainuka hapohapo kumfuata. Unashusha pumzi. Kisha mmoja anasema jamani, kabla hatujakimbilia huko, tuzungumze kwanza. Watoto wanatolewa nje. Mazungumzo yanaanza: kwani tunalipa kodi ya nini? Wasaidizi wako wako wapi? Huu si ugomvi wa Kane na Miller wenyewe? Mchungaji anaulizwa, naye anasema amri inakataza kuua, lakini sisi huwaajiri watu watufanyie, kwa hiyo hana la kusema. Anaomba radhi na kukaa.

Ndipo anasimama Jonas Henderson, mkubwa wa mji, anayechezwa na Thomas Mitchell. Msikilizeni vizuri mtu huyu. Anamsifu Kane kwamba mji haujawahi kupata mashali kama yeye. Anasema deni la mji kwake ni kubwa. Anasema tatizo hili ni letu sote. Kane, amesimama mbele, anaanza kulainika usoni. Anadhani amepata mtu. Kisha Henderson anaingiza habari za watu wa kaskazini wenye fedha, wanaofikiria kuleta viwanda na maduka. Wakisoma kwamba kuna watu wanauana barabarani hapa, itakuwaje? Na kwa sauti ileile ya upendo anamalizia kwamba Kane hakupaswa kurudi leo, na kwamba kwa faida yake na ya mji aondoke wakati bado kuna muda. Hotuba nzima imejengwa kama mtu anayekumbatia huku akikusukuma mlangoni. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Sijui filamu nyingine iliyokionyesha kikao kama kilivyo.

Na kuna Herb. Herb ndiye wa kwanza kujitolea, tena kwa ushujaa, akaahidi kurudi mapema na bunduki yake. Saa imekaribia sana anaingia ofisini mwa Kane amejiandaa, anatazama huku na huku, anauliza wengine wako wapi. Hakuna wengine. Ni wewe na mimi. Uso wa Herb unabadilika polepole. Si mwoga wa kuzaliwa. Ni mtu aliyeahidi kitu kimoja na sasa anaombwa kingine. Anamtaja mkewe, anawataja watoto. Anakaribia kumwomba Kane ampe ruhusa ya kuondoka, na Kane anampa. Mlango unafungwa. Kane anainamia meza.

Nitasema kwa nini tukio hilo linanichoma. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii, karakana moja, mwenzangu alisingiziwa kwamba amebadilisha mashine ya saa ya mteja, akatoa nzima na kuweka mbovu. Mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja siku ile saa ilipofunguliwa. Nilijua imekuja mbovu vilevile. Tuliongea usiku, nikamwambia kesho mbele ya mwenye karakana nitasema, na wenzetu wawili nao wakasema watasema. Asubuhi wale wawili hawakutokea. Mwenye karakana alipoita, mwenzangu alisimama, akageuza shingo kunitazama. Nilikuwa na kioo cha kukuzia jichoni na kibano mkononi, nimeshika kiskrubu kidogo kuliko punje ya mtama, na sikuinua kichwa. Nilikifunga kile kiskrubu, nikakifungua, nikakifunga tena, mpaka aliposaini na kuondoka. Naijua ile sura ya Herb kwa ndani, kwa hiyo siwezi kuitazama kama hadithi ya mbali.

Gary Cooper alikuwa na miaka 50 alipoicheza nafasi ya Kane, na alikuwa mgonjwa, vidonda vya tumbo na mgongo. Hawakumficha kwa vipodozi. Makunyanzi, mifuko chini ya macho, ile namna ya kutembea kama mtu anayebeba maumivu yake kwa uangalifu, yote yako pale. Hapigi kelele hata mara moja. Alipewa tuzo ya Oscar, na ni halali yake. Makaboi wengine wa wakati ule huingia kwenye hatari wakitabasamu. Kane anaogopa, jasho linaonekana, na kuna dakika katika banda la farasi ambapo anamtazama farasi kwa muda mrefu na unajua anafikiria kupanda na kwenda zake.

Mpiga picha Floyd Crosby aliamua kuacha mbingu iwe nyeupe tupu. Filamu za makaboi za zama zile zilipenda mawingu mazito ya kupendeza juu ya milima. Hapa hakuna wingu, hakuna mlima wa kukupumzisha. Walitaka ifanane na picha za habari na zile picha za kale za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwanga unamwagika barabarani mpaka vumbi linakuwa jeupe, na Kane katika kisibau chake cheusi anabaki kama mshale juu ya uso wa saa. Ndiyo maana nawasihi msiitazame kwa rangi. Niliwahi kuuziwa diski ambayo mtu ameipaka rangi, mbingu imetiwa buluu, na lile joto lote likapotea; ikawa mji wa kawaida siku ya kawaida.

Sasa niseme juu ya dakika ya saa sita yenyewe. Kane amekaa ofisini peke yake anaandika wosia. Kalamu inakwaruza. Kisha muziki wa Dimitri Tiomkin unaanza kupiga kama mapigo, na picha zinakatwa juu ya pigo: pendulamu, waumini wameketi kanisani kimya, walevi baa hawanywi, wale watatu stesheni, reli mbili zinazonyooka mpaka zinapotea, uso wa mkewe, kile kiti kitupu, pendulamu tena. Nyuso zinakuja karibu zaidi na zaidi. Hakuna anayesema neno. Zinnemann alieleza baadaye kwamba kadiri muda unavyobana alitaka saa zionekane kubwa zaidi na pendulamu ziende polepole zaidi, mpaka ionekane kana kwamba muda umesimama.

Hapo fundi ndani yangu aliinuka mara ya kwanza. Pendulamu haipunguzi mwendo. Ikiwa fimbo yake ina urefu fulani, itapiga kwa muda uleule. Ukitaka ichelewe, refusha fimbo, hakuna njia nyingine. Ikichoka, safari yake inakuwa fupi, lakini pigo linabaki karibu lilelile. Hicho ndicho kilichoifanya itufae miaka mamia. Basi alichokifanya Zinnemann ni kitu kisichowezekana kwenye meza yangu, na bado nilipokiona mara ya pili nilikikubali kabisa, kwa sababu ndivyo muda ulivyokwenda siku ile kwenye karakana nikishika kile kiskrubu. Halafu inakuja honi ya treni. Kane anainua kichwa. Wahariri wa picha, Elmo Williams na Harry Gerstad, walipata Oscar yao, na muziki ukapata nyingine mbili.

Hata ile treni ina kisa. Zinnemann alisimulia kwamba yeye na Crosby walikuwa wamelala relini na kamera, wakifurahia namna injini ilivyotoa moshi mweusi kwa uzuri. Hawakujua kwamba moshi ule ulikuwa ishara ya breki kushindwa. Waliruka dakika ya mwisho. Kamera ilinaswa relini ikavunjwavunjwa, lakini mkanda ulipona na picha ile imo ndani ya filamu.

Baada ya hapo Kane anatoka nje. Mkewe na Helen Ramírez wanampita na gari la farasi kuelekea stesheni. Barabara tupu. Kamera iko karibu na uso wake, jasho, kisha inapanda juu kwa winchi, juu zaidi ya mapaa, mpaka mtu anakuwa kitu kidogo kwenye mji ambao madirisha yote yamefungwa. Anafuta uso, anavuta kofia, anageuka kuwafuata Miller na wenzake.

Huyo Helen Ramírez, anayechezwa na Katy Jurado kutoka Mexico, ni sababu nyingine ya kuitafuta filamu hii. Ni mwanamke mwenye biashara yake, aliyewahi kuwa na Miller, kisha Kane, na sasa Harvey, na mji unamdharau huku ukitumia fedha zake. Yeye ndiye anayeona kila kitu kwa usahihi. Kane anapokwenda kumwonya, wanasemezana kwa Kihispania, maneno machache: mwaka mzima sijakuona, najua. Kuna ndoa nzima katika sentensi hizo mbili. Jurado alipata tuzo ya Golden Globe kwa nafasi hii. Grace Kelly, aliyecheza mkewe Kane akiwa kijana wa miaka 21, anaonekana mkavu akisimama karibu yake, na tofauti ya miaka 28 kati yake na Cooper haifichiki. Lakini milio ya kwanza inaposikika na akaruka kutoka kwenye treni, mbio zile ni za kweli.

Kasoro zipo. Wimbo anaouimba Tex Ritter ni mzuri mwanzoni, ila unarudi mara nyingi mno, wakati mwingine ukitueleza hofu ambayo uso wa Cooper umeshatueleza. Ugomvi wa ngumi na Harvey ni mrefu kupita haja. Na mapambano ya mwisho ni ya kawaida, ingawa kuna jambo moja dogo zuri: mmoja wa majambazi anavunja dirisha la duka kuiba kofia ya kike, na sauti ya kioo ndiyo inayomwonyesha Kane walipo. Kwa atakayekuja kutafuta risasi tangu dakika ya kwanza, hii siyo filamu yake.

Aliyeiandika, Carl Foreman, aliitwa mwaka 1951, filamu ikiwa bado mikononi mwao, kuhojiwa na kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Aliwahi kuwa mwanachama. Alikataa kuwataja wenzake, akafungiwa kazi Hollywood na kuhamia Uingereza. Ukijua hivyo, kile kikao cha kanisani kinabadilika. Unaona mtu anayeandika juu ya simu ambazo rafiki zake wameacha kupokea. John Wayne, stelingi maarufu wa filamu za makaboi, aliichukia filamu hii na kusema si ya Kimarekani, ingawa ni yeye aliyepanda jukwaani mwaka 1953 kumpokelea Cooper ile Oscar. Wapoland waliielewa kwa namna yao: kwa uchaguzi wa tarehe 4 Juni 1989, Solidarność, vuguvugu la wafanyakazi lililopinga utawala wa kikomunisti, lilibandika bango la Cooper huyuhuyu akitembea, na badala ya bastola mkononi ana karatasi ya kura.

Mwishoni, moshi ukiisha, watu wanatoka majumbani. Wanamiminika, wanazunguka, karibu wote wale waliokuwa na sababu. Yule mvulana analeta gari la farasi, na Kane anampa tabasamu dogo, la pekee. Wengine anawatazama tu. Anavua nyota ya bati, anaiangusha vumbini, anampandisha mkewe na kuondoka. Hakuna hotuba. Hawalaani hata.

Mwenzangu wa karakana niliwahi kukutana naye tena, miaka mingi baadaye, alipoleta saa ya ukutani ya mama yake iliyokuwa ikichelewa. Niliifungua mbele yake, nikaipandisha kidogo ile nati iliyo chini ya pendulamu, tukasubiri pamoja tukiisikiliza ikipiga. Aliniuliza bei. Nilimwambia hapana. Aliweka fedha mezani hivyohivyo, akaibeba saa yake, akatoka.